Neno Alilolisikia Baba

Muhula ule nilikuwa nimechoka hata kabla haujaanza. Nilikuwa nafundisha Kiingereza katika shule ya sekondari ya kata huko Mugoma, na mwenzangu wa somo hilo alikuwa amehamishwa bila mtu wa kuziba nafasi yake, kwa hiyo vipindi vyake vyote vikaniangukia mimi. Asubuhi niliingia darasani nikiwa na sauti, mchana nikatoka nikinong'ona. Jioni nilikaa mbele ya rundo la madaftari ya kusahihisha nikasinzia na kalamu nyekundu mkononi. Mara nyingi nilizinduka nikakuta nimechora mstari mrefu juu ya kazi ya mtoto wa watu ambaye hakuwa amekosea chochote.

Mada tuliyokuwa nayo ni ile ya maneno ya Kiingereza yanayotamkwa sawasawa lakini yanaandikwa tofauti na kila moja lina maana yake. Zamani niliipenda mada hiyo kuliko zote. Niliandika ubaoni "sea" na "see", "week" na "weak", "flour" na "flower". Nikasoma kwa sauti, wanafunzi wakaitikia. Lakini nikizitazama nyuso zao niliona wamechoka kama mimi. Mtoto amelelewa kwa Kihangaza nyumbani, Kiswahili amekikuta shule ya msingi, na kidato cha kwanza akaambiwa kila kitu sasa ni Kiingereza. Kiswahili angalau hakimzungushi mtu. Unachokisikia ndicho unachokiandika. Kwenye Kiingereza sikio lina habari zake na jicho lina zake.

"Mwalimu," aliuliza msichana mmoja wa dawati la mbele, "mtu akiniambia neno hilo tuko njiani, hakuna ubao, nitajuaje anasema lipi?"

"Sikiliza maneno yaliyo jirani nalo," nikamjibu. "Neno haliji peke yake."

Alitikisa kichwa kwa heshima, lakini niliona jibu halijamtosha.

Na sisi huku tunaongeza matatizo ya kwetu. Kwa wengi wetu herufi l na r ni mtu na ndugu yake, hazikai mbali. Kijana mmoja alisimama asome sentensi kuhusu mama anayepika wali, na kwa matamshi yake mama yule akawa anapika chawa, kwa sababu "rice" ilitoka "lice". Darasa likacheka, ingawa nusu yao wangesoma vilevile. Nikamsahihisha, na niliposema neno lile mimi mwenyewe, nami likanitoka na l. Nikichoka, ulimi wangu hurudi nyumbani.

Maneno ya mwisho siku ile yalikuwa "die" na "dye". La kwanza walilijua, ni kufa. La pili nikawaambia ni rangi, ile ya kutia kwenye nguo au kwenye nywele. Kengele ikagongwa, wakafunga madaftari, nami nikafuta ubao nikaenda darasa lingine.

Wiki hiyohiyo mdogo wangu alinipigia simu kutoka Nyantakara, kule Biharamulo, anakoishi na baba yetu tangu mama afariki.

"Dada, baba amelazwa," alisema. "Lakini usiogope."

Hilo la usiogope ndilo lililoniogopesha. Baba alikuwa na maumivu ya ubavu kwa muda, akiyaficha. Siku alipokojoa damu ndipo akakubali kupelekwa zahanati, na zahanati ikampa rufaa kwenda hospitali kubwa. Nilimwomba mkuu wa shule ruhusa nikapewa, kwa uso ambao si wa kuruhusu wala wa kukataa. Ijumaa baada ya vipindi niliondoka na nguo za kubadili kwenye mfuko, nikafika hospitalini jua linazama, vumbi limenijaa hadi kwenye nyusi.

Hapa sina budi kueleza baba yangu ni mtu wa namna gani. Alivuka kutoka Burundi akiwa kijana, akapata shamba Nyantakara, akaoa, akatuzaa. Miaka mingi baadaye, wakimbizi walipomiminika Ngara kwa wingi ule ambao watu wa huku bado wanausimulia, alikwenda kule kutafuta kibarua. Akaajiriwa kwenye zahanati ya kambi kubeba machela. Madaktari walikuwa wageni na lugha yao ilikuwa Kiingereza. Baba hakukisoma Kiingereza hata siku moja. Alikiokota kwa masikio, neno hapa, neno pale, kama mtu anavyookota kuni njiani. Nilipokuwa mdogo alirudi nyumbani nacho, akawa anatusalimia "gudi moningi, madamu" huku ametuinamia, nasi tukicheka mpaka tunakaa chini. Nilipochagua kusomea ualimu wa Kiingereza, aliwaambia majirani kwamba yeye ndiye aliyenianzisha.

Mtu huyo mcheshi nilimkuta amelala ameuelekea ukuta.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba," akasema, na hakugeuka.

Mdogo wangu alinivuta nje kwenye baraza. Alikuwa hajanyoa, macho mekundu. Akaniambia baba hali chakula tangu jana. Asubuhi ya jana alikuwa anawatania wauguzi, anawauliza kama wameolewa. Mchana madaktari wakapita, na baada ya hapo hakusema tena na mtu. Muuguzi alipokuja kumweleza kuhusu kipimo cha figo kilichopangwa Jumatatu, akatikisa kichwa. Walipomtaka aweke dole gumba kukubali, akaficha mkono chini ya blanketi.

"Anataka arudi nyumbani," mdogo wangu alisema. "Anasema akafie kwake."

Tuliporudi ndani, baba alikuwa ameketi. Akatuambia tusogee, na kwa sauti ya mtu anayepanga kazi za kesho akaanza kugawa. Shamba la bondeni, lile la mihogo na maharage, ni la mdogo wangu. Migomba inayozunguka nyumba isiguswe na mtu yeyote wa kutoka nje. Azikwe kando ya mama, upande wa mashariki. Mdogo wangu alikuwa analia waziwazi. Mimi nilikuwa nimesimama tu. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba maneno yale yalinifikia kwa kuchelewa.

Kisha baba akanigeukia.

"Wewe sina shamba la kukupa zaidi," alisema. "Lakini nataka ujue kwamba nakuona. Kila unapokuja nyumbani nakuona umechoka. Unakuja unafua, unapika, unafagia, halafu unarudi kwenye kazi yako, na unasema uko salama. Sikusema kitu kwa sababu ningesema ungelia, na mimi sijui kumbembeleza mtu mzima. Sasa nimesema."

Baba hakuwa mtu wa maneno kama hayo. Katika maisha yangu yote alikuwa amenionyesha upendo kwa kunichagulia ndizi nzuri za kubeba na kwa kuniuliza kama basi limejaa. Nilishika ukingo wa kitanda. Sikulia. Nadhani nilisahau namna ya kuanza.

Asubuhi yake nilimletea uji. Mdogo wangu alikuwa amekwenda kuoga. Wodi ilikuwa na kelele za kawaida za vikombe na ndoo, na mwanga uliingia mwingi dirishani. Nikakaa kitandani kwake nikamuuliza moja kwa moja.

"Baba, nani amekwambia unakufa?"

"Usinifiche mwanangu. Wewe Kiingereza unakijua kuliko mimi." Aliangalia mlangoni kwanza. "Walisimama hapa, yule daktari mgeni na mwenzake. Wakashika karatasi zangu. Yule mgeni akasema, Jumatatu tunamtia dai. Put dai in him. Na mkono akafanya hivi." Akabana vidole kama anayechoma sindano. "Mimi ni mzee, kitanda kinatakiwa na watu wengine. Nimeelewa. Lakini wasinifanyie hapa."

"Dai," nikarudia.

"Dai nalijua. Nani atanifundisha mimi neno hilo?"

Akanisimulia jambo ambalo hakuwahi kutusimulia katika miaka yote ile ya kutuchekesha na gudi moningi. Kipindupindu kilipoingia kambini, walibeba machela kutoka alfajiri mpaka giza. Waliziweka chini kwa safu na daktari akapita. Kwa wengine aliamuru wapelekwe kwenye hema la maji ya mshipa. Kwa wengine alimwambia mwenzake neno moja, dai, na hao wabeba machela waliwapeleka kwenye hema la mwisho, lile ambalo hakuna aliyependa kwenda. Hawakujua Kiingereza, lakini neno hilo walilijua wote.

"Siku moja nilibeba mtoto," baba alisema. "Mama yake anatembea pembeni yangu, ameshika mti wa machela. Daktari akasema neno lile polepole kabisa, alidhani hatusikii. Mama yule akaniuliza kwa Kirundi, amesemaje? Nikamwambia, amesema tumpeleke akapumzike."

Uji ulikuwa unapoa mikononi mwangu.

Nilishaelewa tangu aliposema put, lakini nilimwacha amalize. Nilihisi kicheko kikinipanda, na nilipofungua mdomo kikatoka kilio. Nililia kwa sauti mbele ya wodi nzima. Mgonjwa wa kitanda cha jirani akageuza uso kwa adabu. Baba akawa ananigonga mgongoni kwa kiganja, vibaya vibaya, kama anayempiga ng'ombe asogee.

"Unaona," akasema. "Ndiyo maana sikutaka."

"Baba, si neno hilo," nikamwambia nilipoweza. "Ni neno jingine. Yanafanana kwa sauti tu. Hilo jingine ni rangi. Wanataka kukutia dawa ya rangi kwenye mshipa, ili picha ya figo ionekane vizuri."

Alinitazama kwa huruma. Ni huruma ya mzazi anayejua kuwa mwanawe anadanganya kwa nia njema, kama yeye alivyomdanganya yule mama.

"Rangi," akasema.

"Rangi, baba. Nimewafundisha watoto juzijuzi tu."

Nilichukua bahasha ya dawa nikaandika maneno yote mawili upande wa nyuma. Baba husoma Kiswahili taratibu, kidole kikifuata herufi. Akasoma la kwanza, di-e. Akasoma la pili, d-ye. Akasema hayo hayafanani hata kidogo, na wala hakuna hata moja kati yake ambalo ni dai. Nikamweleza kwamba Kiingereza ndivyo kilivyo, huandiki unavyosikia. Akauliza ni nani aliyekubali mambo hayo.

"Hata kwenye Kirundi chetu yapo," nikamwambia. "Inda ni tumbo na inda ni chawa."

"Si sawa. Hayo sauti yake ni mbili. Mtoto wa Kirundi hawezi kukosea." Akayasema yote mawili, na kweli sauti ilibadilika, moja ikapanda na nyingine ikatulia. "Sasa hawa wenzako wa Kiingereza, sauti haibadiliki?"

"Haibadiliki hata kidogo."

"Wao kwa wao wanajuaje?"

Swali lilelile la msichana wa dawati la mbele. Nikampa jibu lilelile, kwa sababu sikuwa na jingine: kwa maneno jirani. Lakini safari hii sikuharakisha, hapakuwa na kengele. Nikamwambia arudie alichosikia, neno kwa neno.

"Put dai in him."

"Na kambini daktari alikuwa anasema hivyo? Put?"

Akafumba macho. Nilijua yuko wapi, na nilijilaumu kumrudisha kule.

"Hapana," akasema mwishowe. "Put walisema kwa maji, na kwa dripu. Hilo lingine walisema wil dai. Hi wil dai. Shi wil dai." Akafumbua macho. "Put, hapana. Hawakusema hata mara moja."

"Basi ndiyo hivyo, baba. Kifo hakitiwi mtu kwa put."

Akachukua kikombe cha uji mikononi mwangu akanywa, akakunja uso kwa sababu ulikuwa umepoa.

Ningependa kusema mambo yaliishia hapo. Jumapili baada ya misa, muuguzi mmoja mama wa makamo, mtaratibu, alisikia kisa chetu akaona atamsaidia baba kwa kumwonyesha dawa yenyewe. Akaleta kichupa. Ndani mlikuwa na kitu cheupe kama maji ya kisima.

Baba alikigeuza kwenye mwanga. "Hii ndiyo rangi?"

"Ndiyo, mzee."

"Rangi yake iko wapi?"

Nilifunga macho. Nilitamani kulala palepale sakafuni.

"Haionwi na jicho, mzee wangu," muuguzi akasema bila haraka. "Mashine ndiyo inayoiona. Ikipita kwenye figo, pale palipoziba itakwama, na sisi tutajua pa kutibu."

"Neno huwezi kulijua kwa sikio, rangi huwezi kuiona kwa jicho," baba alisema. Alimrudishia kichupa, akanitazama mimi, akamtazama mdogo wangu. Nadhani aliona sura zetu zilivyokuwa. "Haya. Leteni hicho kidude nibonyeze."

Akaweka dole gumba.

Jumatatu nilitakiwa niwe darasani Mugoma. Nilimpigia mkuu wa shule, akashusha pumzi ndefu kwenye simu, akasema atawapa wanafunzi kazi ya kunakili. Daktari mgeni alipopita asubuhi, mwanamke kijana mwenye miwani, nilimweleza yote kwa Kiingereza pale koridoni. Nilikuwa nimelala kwenye mkeka nje ya wodi usiku tatu mfululizo. Nilitaka kumwambia tumekuwa tukisali, ulimi ukaweka l mahali pa r, "praying" ikatoka "playing", nikamwambia tumekuwa tukicheza. Akanitazama kidogo, halafu akaelewa. Aliingia ndani akakaa kwenye ukingo wa kitanda cha baba, uso umemwiva, akaomba radhi. Baba alimsikiliza mpaka mwisho.

"No problem, madamu," akamjibu. "Slowly, slowly."

Picha ilionyesha jiwe, limekaa vibaya upande wa kushoto. Alipasuliwa baada ya siku chache. Kidonda kilichelewa kupona, homa ikaja ikaondoka, na mimi na mdogo wangu tukapokezana mpaka sikuwa najua tena leo ni siku gani bila kuuliza. Nilisahihisha madaftari kwenye benchi la hospitali. Nilirudi Mugoma, nikafundisha, nikarudi hospitali. Hatimaye tukamrudisha Nyantakara, amekonda, anatembea ameshika ubavu, lakini anatembea.

Siku ya pili yake nyumbani aliteremka bondeni polepole akakuta shamba limelimwa upya na mahindi yamepandwa mahali ambapo yeye hupanda maharage.

"Nani amekupa ruhusa?" akamuuliza mdogo wangu.

"Si wewe, baba? Ulinipa hospitalini."

"Hospitalini nilikuwa nimekufa."

Waligombana kwa wiki nzima, nami nikiwa msuluhishi kwa simu, wakati wa mapumziko ya chai, kidole kimoja sikioni ili niwasikie. Mwisho wakakubaliana mdogo wangu alime na baba aamue cha kupanda, jambo ambalo halikumfurahisha yeyote kati yao lakini linaendelea mpaka leo.

Lile aliloniambia mimi, kwamba ananiona, hakulirudia. Nilingoja. Nilipokwenda kumwona mara ya kwanza baada ya hapo, nilidhani atalitaja, hata kwa mzaha, lakini aliniuliza tu kama basi lilijaa. Labda anaona aibu. Labda anahesabu kwamba lilisemwa na yule aliyekuwa amekufa hospitalini. Na mimi sikumkumbusha. Nimeomba uhamisho nije kufundisha upande wa Biharamulo, nimwangalie kwa karibu, na bado sijajibiwa. Naingia darasani, naandika ubaoni, natoka nikinong'ona.

Likizo iliyopita nilikwenda Nyantakara nikiwa nimepanga kufua mashuka yote na kupiga lipu ukuta wa jiko. Nilifika asubuhi. Baba alikuwa uani anapepeta maharage, na alikataa nisimsaidie. Nikatandika mkeka kivulini nijinyooshe kidogo kabla ya kuanza kazi, na hapohapo usingizi ukanichukua, mzito, wa mchana kweupe, katikati ya watu. Sijui nililala muda gani. Kuna wakati nilizinduka nusu, bila kufungua macho. Kuku walikuwa wanadonoa karibu na kichwa changu, na nikamsikia baba akiwafukuza kwa kunong'ona, akipiga ardhi kwa kiganja taratibu. Mdogo wangu aliuliza kwa sauti kitu kuhusu chakula.

"Nyamaza," baba akamwambia. "Dada yako amelala."

Nikageukia upande wa pili, nikaendelea kulala.